Kapu la Udongo wa Kwetu

Habari za kifo cha mama zilinikuta Mpanda, na nilipofika Geita walikuwa wamekwisha kuzika. Mikeka ya msiba ilikuwa imekunjwa na kuegemezwa ukutani. Mdogo wangu Kabula, ambaye mama alimalizia uzee wake kwake pale Kalangalala, alinipa maji ya kunawa, akaniwekea ugali, akakaa mbele yangu bila kula. Kisha aliingia chumbani kwa mama na kutoka na kopo la maziwa ya unga, limefunikwa kwa kitambaa na kufungwa kamba ya katani.

"Dada Minza, hiki nimekikuta chini ya kitanda chake. Nilitaka kukitupa, nikasema nikungoje."

Nilifungua kidogo. Ulikuwa udongo. Chumba kilikuwa na giza na sikutaka kuutazama, wala kuunusa. Nilirudishia kitambaa, nikazungusha kamba bila kuikaza, nikalisukuma kopo chini ya kiti kwa mguu. Kabula aliniangalia.

"Unaujua?"

"Naujua," nikasema. Nilidhani naujua.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Shinyanga mtakumbuka jinsi nchi ile ilivyokuwa wazi. Ungeweza kumwona mtu anakuja, ukaenda kisimani, ukarudi, ukamkuta bado anakuja. Wakubwa wetu walikuwa wamefyeka kila kichaka kwa amri ya serikali na ya mtemi, kwa sababu ya mbung'o, mpaka yakabaki mawe makubwa, mbuga na uzio wa minyaa. Mimi nilizaliwa kazi hiyo imekwisha. Nilichokirithi ni maneno tu: kwenye miti kuna ugonjwa. Mtoto akilia tuliambiwa tumtishe kwa fisi, na fisi asipotosha, tumtishe kwa msitu.

Mtoto wa kwetu alikulia chini. Akishaweza kukaa aliwekwa uani, mahali palipofagiwa, akapewa kigae na kijiti, na mchana ukapita. Alichimba, alimimina, alijipaka, alikula. Hakuna aliyemnyang'anya udongo mdomoni isipokuwa ukiwa na kinyesi cha kuku. Nakumbuka ladha yake mpaka leo: chumvi kidogo, majivu kidogo, na ubaridi ulioganda kwenye ulimi. Sisi tuliokwisha kukua kidogo tuliwafinyangia wadogo zetu ng'ombe wa udongo, wenye nundu na pembe za miiba, na wao wakawang'ata vichwa.

Kisha nyasi zilikwisha. Ng'ombe walikuwa wengi, mvua ilikuwa ya kubahatisha, na watu wakaanza kuhamia Geita, ambako walisema kuna mashamba ya pamba ambayo jembe halijayagusa, na kazi kwenye mashimo ya dhahabu kwa asiyeogopa kuingia chini. Baba aliamua twende. Mama alikuwa mjamzito.

Asubuhi ya kuondoka, kila kitu kikiwa kimefungwa, nilimkuta mama amepiga magoti ndani ya nyumba tupu. Alikuwa anachimba sakafu kwa jembe lililovunjika mpini, pale kando ya mafiga, mahali mimi nilipokaa kwa mara ya kwanza. Udongo aliutia kwenye kapu kubwa lililozibwa kwa samadi ili lisivuje. Baba alisimama mlangoni.

"Mama Minza, mizigo imetosha."

"Huu nabeba mwenyewe."

"Udongo! Kwani huko tuendako watu wanakanyaga nini?"

"Wanakanyaga wa kwao," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Na huyu wa tumboni utamkalisha juu ya nini? Juu ya majani ya watu?"

Baba alicheka, akatoka. Hakubishana tena, kwa sababu jambo hilo halikuwa la mama peke yake. Kwa upande wa ukoo wake ndivyo walivyofanya wanawake wote waliohama na mimba: unachukua udongo wa ndani ya nyumba, unautandaza kwenye nyumba mpya, na mtoto anakalishwa hapo kwanza, ili mwili wake ujue ni wa wapi. Mama alilibeba kapu lile kichwani njia nzima. Tulipovuka mahali penye maji alimwacha baba amshike mkono, lakini kapu hakumpa.

Geita ilinitisha. Miti ilisimama mpaka mlangoni. Mchana ulikuwa wa kijani, na asubuhi kulikuwa na harufu ya majani yaliyooza ambayo kwangu ilikuwa harufu ya ugonjwa wenyewe. Baba alijenga nyumba kwenye uwazi mdogo. Mama, hata kabla kuta hazijakauka, alimimina udongo wake kwenye kona ya ndani, karibu na mlango ambapo mwanga uliingia, akausambaza kwa kiganja kama anayetandika kitanda. Nilichuchumaa karibu yake. Ndipo tulipoona papasi wakitoka kwenye udongo.

Sina haja ya kuwaeleza sana. Nyumba yoyote ya zamani kule kwetu ilikuwa nao: wa kijivu, bapa, ngozi kama ya kiatu kilichokauka juani, wanajificha vumbini mchana na kuuma mtu usingizini. Akishiba anavimba kama kunde. Mama aliwaona wakijikokota, akacheka, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu tufike.

"Tazama, nao wamehama!"

"Niwaue, mayu?"

"Waache. Papasi wa kwetu hawana neno, wanatujua. Wa ugenini ndio wanaoumiza."

Ndivyo walivyoamini wakubwa wengi, na sikuwa na sababu ya kuamini vingine. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeumwa nao maisha yangu yote, nikajikuna, nikaenda kucheza.

Mdogo wangu alizaliwa mvua zikinyesha, akaitwa Mabula. Alikuwa mtoto mzito, mwenye mikunjo mapajani, na alinuka maziwa na moshi. Mimi ndiye niliyekuwa mlezi wake. Mama akienda shambani alinifunga mtoto mgongoni kwa kaniki, na Mabula alipoweza kukaa, aliniachia maagizo yaleyale kila siku: usimtoe nje, usimpeleke kwenye miti, mkalishe kwenye udongo wake.

Nilimkalisha. Tulijenga zizi la vijiti pale konani. Hapakuwa na udongo wa kutosha wa kufinyanga ng'ombe, maana mama alikataza nisiupunguze, basi nilifukua papasi, nikawaweka zizini. Huyu dume. Huyu ndama. Huyu wa maziwa. Walipolala kimya walikuwa ng'ombe waliochoka. Walipotembea, Mabula aliwapigia makofi. Nilimwambia hawa ni ng'ombe wa kwetu, wametoka Shinyanga kwa miguu kama sisi. Alimshika mmoja kwa vidole viwili, kwa uangalifu ule wa watoto wadogo wakishika kitu kidogo, akanipa.

Jirani yetu alikuwa mwanamke wa Kizinza aliyeitwa Mama Tabu, mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu mto wa pili. Watoto wake walishinda chini ya miti. Mdogo wao, ambaye alikuwa hajajua kutembea, alijiviringisha kwenye majani makavu kama mwanambuzi. Mama Tabu alikuwa akipita mlangoni kwetu na kuni kichwani, anachungulia.

"Mwangaluka, Mama Minza! Mtoto bado mmemfunga?"

"Hajafungwa. Amekaa kwao."

"Kwao ndani ya kona! Nyie Wasukuma mnaogopa miti kama vile inakula ng'ombe."

"Na nyie mmekaa na miti mpaka mmefanana nayo kwa urefu."

Walicheka wote wawili. Lakini Mama Tabu akiondoka, mama alinigeukia na uso usio na kicheko. "Umesikia? Usithubutu."

Homa ilimshika Mabula wakati wa kupalilia. Baba hakuwepo, alikuwa amekwenda kutafuta kazi kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Nyarugusu. Mtoto aliwaka kama chungu. Alikataa ziwa. Macho yake yalibadilika rangi na alilia kwa sauti nyembamba ambayo haikuwa yake. Mama alimkanda kwa maji, akamchemshia mizizi, na muda wote alimlaza pale konani, kwenye udongo, kwa sababu hapo ndipo mwili wake ungepata nguvu. Kisha siku moja alitoka jasho jingi, homa ikashuka, akanyonya, akalala. Akaamka akataka kucheza.

Mama alilia kwa furaha. Kesho yake alikwenda shambani kuwahi palizi iliyokuwa imemshinda, na Mama Tabu alipopita, akanikuta mlangoni na mtoto akinyoosha mikono kuelekea nje.

"Mtoto katoka kuumwa, unamweka gizani? Mlete apate hewa. Hapo tu, chini ya mninga. Nipo."

Nilikwenda. Ni siku hiyo moja tu, na ninayo yote kichwani. Mama Tabu alifagia majani kwa mguu kuangalia kama hakuna siafu, akamkalisha Mabula. Mwanzoni mtoto alikunja vidole vya miguu, asitake kugusa. Kisha jani moja lilianguka juu ya paja lake. Alilitazama. Alilishika, likavunjika, likatoa sauti, naye akashtuka akacheka. Alitaka jingine. Watoto wa Mama Tabu walimletea makonokono matupu, maganda ya mbegu yanayolia yakitikiswa, jiwe lenye vumbi linalometameta. Tulichimba shimo dogo tukalitilia maji ya kibuyu, akatia mikono yote miwili, akapiga, matope yakaruka mpaka kwenye nyusi zake. Mwanga ulikuwa ukipita kwenye majani na kucheza chini, na Mabula alijaribu kuushika, akafungua kiganja, akakuta hakuna kitu, akajaribu tena. Mwishoni alishika mzizi wa mninga akajiinua. Alisimama. Miguu ilitetemeka na tumbo lilitangulia mbele, akatugeukia kama vile sisi ndio tuliochelewa kuona.

"Mwanaume huyo!" Mama Tabu akapiga kigelegele. "Kumbe miguu alikuwa nayo!"

Nilimwosha vizuri kabla mama hajarudi. Lakini jani moja lilibaki kwenye nywele zake, na homa ilikuwa imerudi kabla jua halijazama.

Mama alilitoa jani lile, akalishika mbele ya macho yangu.

"Umempeleka wapi?"

Alinipiga kofi moja tu, na halikuuma kama maneno aliyosema baadaye, kwa sauti ya chini, amenipa mgongo: "Alikuwa amepona. Alikuwa amepona, ukampeleka kwenye miti."

Tangu hapo hakumtoa tena kwenye udongo ule. Alimlaza juu yake mchana, akalala naye hapohapo usiku. Alichukua kidogo kwa kiganja akampaka kifuani. Homa ilishuka tena, na tukatazamana bila kuthubutu kufurahi, kisha ikapanda. Mama Tabu alikuja na uji wa ulezi. Mama hakumruhusu kuvuka mlango. Mabula hakuwa na mikunjo tena mapajani. Siku moja adhuhuri niliketi karibu yake nikajenga zizi, nikamwekea ng'ombe wake mmoja mbele ya macho. Alimtazama papasi yule akitembea. Sijui ni wakati gani aliacha kumtazama. Mimi niliendelea kuchunga.

Baba alifika jioni hiyo hiyo, akiwa bado na vumbi la mashimo masikioni. Alichimba kaburi chini ya mninga, maana hapo udongo, mwekundu kama wa Geita yote, ulikuwa laini. Mama alitoka ndani akalishika jembe.

"Usimweke chini ya mti."

"Mama Minza," baba akasema, "huku hakuna pasipo na mti."

Mama akamwachia jembe.

Nilijua nani amemuua Mabula. Nilijua kama mtoto anavyojua, bila kuuliza na bila kuambiwa mara ya pili. Ni mimi na majani. Nilikuwa nikipita mbali na mninga ule, na ikinipasa kupita karibu nilibana pumzi.

Mama naye alibadilika, na mabadiliko yake sikuyaelewa. Niliporudi siku moja kutoka kisimani, kona ilikuwa tupu. Udongo ulikuwa umekwanguliwa wote, na nje ya nyumba kulikuwa na moto mkubwa wa kuni mbichi. Baada ya hapo alianza kumwaga maji ya moto kwenye sakafu, kando ya kuta, kwenye kila ufa, na hakuacha. Vitanda alivitaka virefu, miguu yake isimame kwenye vigae vyenye majivu ya moto. Majirani walicheka. "Mama Minza leo kaipika nyumba yake," walisema, "kesho atatukaribisha tuile." Mimi niliona ni huzuni imemharibu akili. Hakuna aliyeniambia kitu, wala yeye hakuwahi kunitajia jina la Mabula.

Kisha akazaliwa Kabula. Alipoweza kukaa tu, mama alimleta mwenyewe, akamweka mikononi mwangu, akaniambia:

"Mpeleke nje. Kwenye majani."

Nilitaka kumrudishia mtoto.

"Nimesema mpeleke. Akae hukohuko mpaka nikuite."

Niliamini kwamba mama anataka na huyu afe. Sikuweza kufikiri jambo jingine. Nilimbeba Kabula mpaka miti ya mbali, siyo kwenye mninga, nikatandika kaniki, nikamkalisha juu yake, nikamzuia kwa mikono asiguse chini. Nililia mpaka Mama Tabu akanisikia. Alikuja, akamtoa Kabula kwenye kaniki, akamweka majanini. "Mama yako kasema nini?" akauliza. Nikamwambia. "Basi fanya alivyosema," akajibu, akakaa nasi. Kila siku nilimpeleka, na kila jioni nilimgusa paji la uso nikingoja liwake. Halikuwaka. Kabula alikula majani, konokono na matope ya Geita, akanenepa.

Ukweli niliupata sekondari, Tabora. Mwenzangu wa bwenini alirudi kutoka kwa ndugu zake vijijini akiwa na homa ya kwenda na kurudi, nami nikamsindikiza zahanati. Mganga, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimpima akasema ni homa ya papasi. Inapanda, inashuka, unadhani umepona, inarudi.

"Lakini papasi wa nyumbani hawadhuru," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Mkubwa aliyeumwa nao miaka mingi mwili wake umezoea," akajibu. "Mtoto mdogo amezoea lini?"

Mabula alizaliwa Geita. Papasi walikuwa wa kwetu. Yeye alikuwa wa Geita. Hawakujuana.

Mtu angetegemea kwamba siku hiyo nilitua mzigo. Niliutua, kweli, lakini nikaona mahali unapokwenda kukaa. Mama ndiye aliyelibeba kapu lile kichwani. Mama ndiye aliyempaka kifuani. Nikaapa kwamba hatajua, angalau si kutoka kwangu. Na kwa kuwa mimi ni mtu ambaye jambo likinikaa mdomoni hutoka, nilichagua kukaa mbali. Watu wananiuliza kwa nini sijatulia mahali: Kigoma, Tanga, Mbeya, Mpanda, kazi hii, kazi ile. Nilikuwa nikija kumwona mama, ninakaa kidogo, tunazungumzia pamba na mvua, na nikihisi mazungumzo yanaelekea kwenye udongo, nafunga mzigo. Alinisindikiza mpaka barabarani kila mara. Kila mara alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, kisha akasema nisafiri salama.

Ndiyo maana, jioni ile pale Kalangalala, sikutaka kulitazama kopo. Nilidhani mama alibakiza udongo wa Shinyanga, akautunza miaka yote chini ya kitanda bila kujua anatunza nini.

Asubuhi nilikuta mtoto wa mwisho wa Kabula, Limi, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutambaa, amelivuta kopo mpaka uani na kulipindua. Kitambaa kilikuwa pembeni. Nilikimbia.

Kisha nikasimama. Udongo uliomwagika juani haukuwa wa kijivu kama ule wa Shinyanga. Ulikuwa mwekundu, na ndani yake kulikuwa na vipande vya majani yaliyogeuka makaa. Nilipiga magoti nikachukua kidogo. Ulikuwa mkavu mno, mwepesi, umechekechwa mpaka hauna hata punje ya jiwe, na ulinuka moshi. Udongo wa chini ya mninga, pale alipolala Mabula. Ulikuwa umekaangwa kwenye kigae, polepole, kwa mkono wa mtu aliyehakikisha kwamba hakuna chochote kilichobaki hai ndani yake.

Nilikumbuka moto wa kuni mbichi, na maji ya moto, na vitanda virefu, na "mpeleke nje, kwenye majani." Alijua. Alijua kabla Kabula hajazaliwa, wakati mimi bado sijaanza hata shule. Nani alimwambia, sijui mpaka leo. Alijua miaka yote ile aliyonisindikiza barabarani, akinificha jambo lilelile nililokuwa nikimficha.

Kabula alitoka jikoni, akamwona mwanawe amejaza mkono na kuupeleka mdomoni.

"Limi! Dada, mzuie, sijui ni udongo wa wapi huo!"

"Wa Mabula," nikasema. "Mwache acheze. Mama ameshaukaanga."